Wacława Hakuweza Kukaa Nyumbani

Wacława aliendesha kreni kwenye karakana ya meli pale Gdynia, mji wa bandari wa Poland, miaka thelathini na mmoja. Siku ya kustaafu walimpa maua na saa ya ukutani. Kesho yake, saa kumi alfajiri, macho yakamfumbuka kama kawaida. Akajigeuzageuza kitandani hata mumewe Zenon akanung'unika.

"Lala basi, mke wangu. Meli hazikuulizii tena."

Hakulala. Alifunga mkate wake wa soseji, akapanda treni ya wafanyakazi, akashuka stesheni ya karakana. Akasimama pale akiwatazama wenzake wakiingia getini, kisha akarudi zake. Kesho yake hivyo hivyo, na wiki tatu zikapita.

"Bi Wacława, leo umesahau nini tena?" mchomeleaji mmoja akamtania.

"Nimesahau kufa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mwezi wa pili theluji iliyeyuka mchana ikaganda usiku, na asubuhi ngazi za stesheni zikawa kama kioo. Mwanamke mjamzito akateleza mbele yake. Wacława akamdaka mkono wa koti, wote wawili wakaketi chini kwa kishindo. Mwanamke hakuumia, ila alitetemeka hadi treni ilipomchukua. Hapo Wacława akaenda kwenye sanduku la mchanga wa kuzuia utelezi, akaanza kuchota kwa viganja na kunyunyizia ngazi moja baada ya nyingine.

Bożena, mfagiaji wa stesheni, akatokea akihema, koleo mkononi. "Nani kakwambia uguse mchanga wangu?"

"Ngazi zako zitaua mtu."

"Nina stesheni nne, mama, na miguu ni hii miwili. Unataka kunisema, au unataka koleo?"

Wacława akalipokea koleo. Kabla theluji haijaisha, Bożena alikuwa amemwombea kazi ya asubuhi kwa msimamizi wake.

"Umeshuka kutoka mawinguni uje kufagia vichungi vya sigara?" Zenon akamuuliza.

"Huko juu kwenye kreni nilikuwa peke yangu," akasema.

Hata hivyo hajatulia. Jumapili huzunguka jikoni, akifungua dirisha asikie kama treni imepita. Lakini siku za kazi Zenon huamka naye, humchemshia chai, kisha hupiga magoti amfungie kamba za buti, maana mgongo wa Wacława haukunjiki tena vizuri.