Ramani ya Baba Isiyo na Mlima

Balaa lote lilianza kwa sababu niliolewa Jinja. Kwetu Mbale waliamini kwamba mtu akishahamia Jinja, serikali ni jirani yake, wanaazimana chumvi. Makao makuu ya jimbo yalikuwa Jinja, sikatai, lakini mimi nilikaa Mafubira, na kutoka Mafubira hadi ofisi ya ardhi ni jua na vumbi mwendo mzima, na huko ofisini hakuna aliyenijua wala aliyetaka kunijua. Baba hakutaka kulisikia hilo. Alinitumia karatasi zake kwa dereva wa basi, zimeviringishwa kwenye kitambaa, pamoja na salamu fupi: nizipeleke zikagongwe mhuri mpya, maana mimi nipo pale pale.

Karatasi zenyewe zilikuwa mbili. Moja ilikuwa cheti cha kiwanja chetu, cha Kiingereza, alichokitoa bwana mkubwa mmoja wa zamani kabla sijazaliwa. Ya pili ilikuwa ramani, aliyoichora baba mwenyewe kwa wino siku aliyopewa kiwanja. Ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Barabara imenyooka, nyumba ina mlango na madirisha, kisima kipo mahali pake, na mpaka mzima umezungushiwa vimiti vidogo vidogo, kila kimoja na majani yake.

Wakati huo mji ulikuwa unapanuliwa kuja upande wetu, kwa ajili ya viwanda na maghala, na ilitangazwa kwamba kila mwenye kiwanja alete karatasi zake zikaguliwe. Asiyeonekana kwenye ramani kubwa ya serikali, kiwanja chake kingehesabiwa kitupu, naye ahame. Mama aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi. Sote alituzalia katika chumba kile kile cha nyuma. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Basi nikaenda ofisini. Karani, kijana wa Kisoga mwenye kola ngumu, akaitandika ramani ya baba kando ya ile kubwa, akapitisha kidole huku, akapitisha huku, halafu akatikisa kichwa.

"Mama, hii kiwanja ya baba yako iko kwa kiwanda ya mbao. Kwa ile Kalasinga."

Nikamwambia baba yangu hajawahi kuwa na kiwanda hata cha vijiti vya meno. Akasema yeye anasoma karatasi, hasomi maneno ya watu. Nikaomba kumwona mkubwa wake. Mkubwa kaenda kula. Nikarudi kesho yake, mkubwa kasafiri. Nikarudi tena, nikaambiwa faili lenyewe halionekani, nisubiri kwenye benchi. Nilisubiri mpaka benchi likanizoea. Nilipochoka na kuja juu kidogo, karani akaniambia taratibu kabisa kwamba barua imekwisha kutumwa Mbale, na karatasi zetu zimerudi nayo. Ala! Mimi nimekaa pale kama gunia, na barua imenipita mlangoni!

Barua ilisema mambo mawili. Kwamba baba anadai ua wa kiwanda cha mbao, ambao una mwenyewe. Na kwamba kiwanja tulichokikalia sisi hakina mwenyewe, hivyo waliomo waanze kuhama.

Nilipofika Mbale nilimkuta baba barazani amefura. Nilidhani ana hasira na ofisi. Kumbe ana hasira na mimi.

"Nimekutuma kazi ndogo tu," akasema, "umekwenda kuniuzia nyumba."

Yarabi! Nikaitandika ramani yake juu ya mkeka, nikaanza kuitazama, maana tangu niipokee nilikuwa nimeisifu tu bila kuisoma. Barabara imekatiza katikati, na nyumba yetu iko upande wake wa juu. Nikamuuliza:

"Baba, huku juu ya karatasi ni upande gani?"

Akaniangalia kama nimepungukiwa akili. "Mlimani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mbale hakuna mtu anayesema kaskazini. Kwetu unapanda kuelekea mlimani, unashuka kuelekea uwandani, basi, na mtoto wa Mbale ukimpa kijiti achore mchangani, mlima atauweka juu. Baba naye aliuweka juu. Lakini ramani za serikali juu yake ni kaskazini, na Wanale, mlima wetu, uko upande wa mawio. Karani wa Jinja, ambaye huo mlima hajawahi kuuona, aliishika karatasi kama alivyofundishwa, na nyumba yetu ikahamia kwa mwenye mbao.

"Sasa mlima wenyewe uko wapi humu? Mbona hukuuchora?"

"Mlima unachorwa?" akasema baba. "Mlima si upo!"

Wallahi nilitaka kuila ile karatasi. Na yule bwana mkubwa wa zamani aliipigia mhuri bila kuuliza, kwa sababu naye alikuwa amekaa hapo hapo Mbale, mlima umemjazia dirisha zima.

Nilikwenda ofisi ya mji kueleza. Mzungu wa pale alielewa mara moja, akacheka sana. Mimi sikucheka. Akasema atapima upya, ataleta ramani mpya na hati mpya, mzee atie saini mbele yake, yaishe. Nilirudi nyumbani karibu niruke.

Baba akakataa. Alikuwa ameona vipimo vilivyochorwa na mpimaji, na mlima ulikuwa pembeni. "Wameulaza ubavu," akasema, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Nilibembeleza, nikagomba, nikamletea majirani wazima wenye heshima zao. Kila mmoja aliitazama ramani ya baba, akasema iko sawa kabisa! Mama alikuwa anaingia na chakula, anatoka na vyombo.

Siku ya saini yule mzungu alikuja na mpimaji wake, meza ikawekwa barazani. Baba akaitazama hati, mikono magotini.

"Bwana, hiki si kiwanja changu. Changu kinatazama mlima. Hiki kinatazama Sudani."

Mpimaji akatafsiri. Safari hii mzungu hakucheka. Akasema asiposaini leo, faili linarudi lilivyokuwa na nyumba itabomolewa. Nikampigia baba kelele mbele ya wageni, tena kelele za kusikika barabarani, na yeye akanipa kisogo.

Mama akatoka ndani. Hajawahi hata siku moja kukaa mbele ya watu wa serikali. Akaishika ile hati mezani, akaizungusha mpaka upande wa mlima ukawa juu, akaisukuma mbele ya baba.

"Haya, mlima wako huo. Tia saini, mzee. Mimi nalala ndani ya nyumba, silali ndani ya karatasi."

Baba akachukua kalamu, akatia saini kwa herufi zake za Kiarabu. Mzungu alipoirudisha hati ilivyotakiwa, saini ilikuwa imesimama wima kama ngazi. Akamtazama mama. Akapuliza wino ukauke, akagonga mhuri.

Nikaingia ndani kuwatafutia wageni vikombe. Rafuni hakuna kitu. Jikoni kuna sufuria moja na sahani tulizolia asubuhi, basi. Nikaenda chumba cha nyuma, nikainama kutazama chini ya kitanda, na vyombo vyote vya nyumba vilikuwa pale, mafurushi kwa mafurushi, yamefungwa kwa kanga za mama, hata zile nzuri za sikukuu. Mama alisimama mlangoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu barua."

Sisi tulikuwa tunagombania mlima.

Baba akaja nyuma yake, anauliza chai imekwama wapi. Akayaona mafurushi. Akakaa chini sakafuni, akavuta furushi la kwanza, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekazwa sana, ikabidi atumie meno. Mama akamwambia afungue taratibu, humo mna vikombe.