Karavani ya Papa Augustin na Kikohozi cha Odile

Enzi zetu hapa Likasi, mtu hakuhitaji simu ili aumwe na wivu. Ilitosha kupanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuchungulia ng'ambo ya ua. Mimi ndoo yangu ilikuwa na mahali pake maalumu, na upande wa pili aliishi Papa Augustin, mkuu wa karakana kiwandani, mwenye gari, na mwenye kitu ambacho hakuna mwingine mtaani kwetu aliyekuwa nacho: karavani.

Ninyi wa rika langu mnaijua aina ile. Nyumba ndogo nyeupe yenye magurudumu mawili, dirisha na pazia, inayofungwa nyuma ya gari na kuvutwa. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao ndiye aliyemwachia. Mwaka mzima ilikaa chini ya jakaranda, kuku wakitaga uvunguni. Lakini baridi ya kiangazi ilipoanza kutuuma masikio, na masista walipokaribia kutupa matokeo ya shule, Papa Augustin aliitoa kivulini akaiosha kwa sabuni na brashi. Hapo mateso yangu yalianza. Agosti walikwenda Mwadingusha, kwenye ziwa lililo juu ya bwawa la umeme, wakakaa juma zima wakiitazama milima.

Na hawakwenda hivihivi, walipanga! Wiki tatu Mama Claire, mkewe, aliketi barazani akisoma karatasi kwa sauti: mablanketi, sufuria, unga, taa ya mafuta, ndoana. Papa Augustin alichora njia mchangani kwa fimbo. Binti yao Solange, ambaye tulikaa benchi moja darasani, aliulizwa kama malkia: "Unapenda kitanda ya yulu ao ya chini?" Solange akasita. Mimi juu ya ndoo yangu nilikuwa nimeshachagua cha juu.

Nisije nikawadanganya kwamba kwetu tulikuwa wa kuhurumiwa. Baba alivunja mawe ya chokaa kule Kakontwe, akirudi jioni na nyusi nyeupe pepepe, tukamkimbilia na kumpangusa. Tuliruka lastiki mpaka vumbi likatufika magotini. Mama alipika bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa na karanga, na siku za Jumapili tulikunywa munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi, kutoka mtungini. Lakini nani anaionja munkoyo wakati jirani anapakia ndoana? Mama aliponikuta juu ya ndoo alinivuta kwa sketi. "Macho ya mutoto inakula mingi kupita kinywa," alisema. "Shuka, uje uchambue mboga."

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Mama Claire alikuja kwetu na habari. Karavani ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja wa kumchangamsha Solange. Nikasimama wima kama mtu anayeitwa kupokea zawadi.

"Solange anamutaka Odile," akasema.

Odile ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka tisa, na kazi yake kubwa duniani ilikuwa kuchekesha watu. Mimi ndiye niliyemnakilisha Solange hesabu mwaka mzima, Odile akamwigia tu sista anavyopiga chafya, basi akapewa ziwa! Juma lile aliimba tangu asubuhi. Alikunja gauni lake, akalikunjua, akalikunja tena. Tulilala kitanda kimoja, na kila alipogeuka nilisikia furaha yake ikinigonga mbavuni.

Siku mbili kabla ya safari alikuwa akifagia ua. Vumbi likampalia, akakohoa mara moja. Mara moja tu. Nikaingia jikoni.

"Mama, Odile iko nakohoa. Tangu juzi."

Nilijua ninachokifanya. Kabla sisi wawili hatujazaliwa, Mama alimzika kaka yetu wa kwanza kwa ugonjwa wa kifua. Neno kikohozi nyumbani mwetu halikuhitaji ushahidi. Mwiko ulimdondoka. Alimfunika Odile blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi yanayochemka, akamnywesha dawa chungu, akamkataza hata kutoka mlangoni. Odile alilia hadi akakohoa kweli. Mama Claire alipokuja kumchukua, Mama alisema, "Huyu hapana. Kule iko upepo mingi." Kisha akanitazama. "Basi weye njo utaenda."

Nikaenda. Nitasema nini? Ziwa lilikuwa pana kuliko macho yangu, miti iliyokufa ikisimama majini tangu bonde lilipofurika, na ng'ambo milima ya Kundelungu imelala, ya buluu. Wavuvi walituuzia samaki ambao mikia ilikuwa bado ikicheza, Mama Claire akawachoma na kuwakamulia ndimu. Lakini kitanda cha juu alilala Solange. Cha chini walilala wazazi. Mimi nililazwa sakafuni, kichwa chini ya meza, na asubuhi nikaosha vyombo. Solange alininunia siku tatu. "Odile angekuwa hapa tungecheka," alisema, akarusha jiwe majini. Hata kule, mbele ya maji yale yote, nilimwonea Odile wivu.

Niliporudi, Odile hakunikasirikia. Alinishika mkono tu, akaniita kama tunavyomwita dada mkubwa. "Yaya, nielezee." Nikamweleza. Akauliza maji yana rangi gani mchana, milima inageuka buluu lini, samaki wananukaje. Nilipomaliza akasema, "Anza tena." Mwezi mzima! Mwaka uliofuata Papa Augustin alihamishiwa kazi mbali, karavani ikauzwa, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeliona ziwa tena.

Sasa nisikilizeni. Jumapili iliyopita, baada ya misa, tulikuwa uani kwa Odile. Siku hizi yeye ni bibi wa wajukuu wanne. Wanawe wanapanga kuwapeleka watoto Mwadingusha, kulala kwenye vibanda vya mbao. Wanapanga bila karatasi, kila mtu ameinamia simu yake, wamekaa duara moja na wanaandikiana! Patrick, mwanawe mkubwa, kitu cha kwanza alichouliza si mvuvi wala mlima, ni mtandao na umeme wa simu. "Rezo iko kule? Na prizi ya kushariji?" Mtu mzima, ana ndevu.

Ndipo Odile alipoanza. Aliwaeleza ziwa. Miti iliyokufa majini, milima inavyogeuka buluu, mikia ya samaki inayocheza. Simu zikashuka moja moja. Wajukuu wakamsogelea. Alilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuliona. "Mama, weye unapajua sana," Patrick akasema. Na Odile, jamani, akatikisa kichwa kukubali!

Damu ilinipanda. Ziwa langu! Mimi ndiye niliyelala chini ya meza. Kuwaambia kwamba mimi ndiye niliyekwenda kungeleta swali la pili, kwa nini mimi, nami nililijua jibu lake. Lakini wivu hauna breki.

"Odile, weye haukufika kule. Ni minye njo nilienda."

"Najua," akasema kwa upole. "Nilikuwa mugonjwa."

"Haukukuwa mugonjwa." Ulimi ukaendelea wenyewe. "Ilikuwa vumbi ya ufagio. Ni minye nilimudanganya Mama."

Patrick akacheka, akidhani ni mzaha. Odile hakucheka. Alinigeukia, yule mchekeshaji wa mtaa mzima.

"Yaya. Mama alilia juu yangu siku zile. Alifikiri anapoteza mutoto wa pili. Na weye ulijua?"

Nikakiri kwamba nilijua. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku nne hakuniita wala hakuitika nilipobisha. Siku ya tano alikuja kwangu mwenyewe, akasimama kizingitini, hakutaka kiti.

"Utakuya na sisi," akasema. "Lakini kule utanyamaza. Minye njo nitaelezea batoto."

"Sawa," nikasema.

"Hata kama ninakosea, utanyamaza."

"Sawa, Odile."

Tunaondoka Jumamosi. Wivu haujaisha, na siwadanganyi, nitauma ulimi njia nzima. Ila nawatazama wajukuu hawa, kila mmoja na kitanda chake na simu yake, wakiwaonea wivu simuni watu wasiowajua, watu ambao hawatawahi kuwauliza lolote. Sisi tuliyemhusudu tulilala naye chini ya blanketi moja. Usingizi ulipomkamata mwenzako, mguu wake ukakulalia, na hukuwa na pa kuusukumia.