Mama Mdogo na Nyimbo Kumi za Kinanda

Mimi ni mtu wa kujisifu, sikatai. Nilipopata nafasi ya kusomea mambo ya usikivu chuoni, nilihakikisha mtaa wetu wote wa Bangwe umejua. Na mwaka wa mwisho, nilipochagua kuchunguza jinsi watu waliopandikizwa kifaa cha kusikia wanavyousikia muziki, mtu wa kwanza niliyemfanyia majaribio alikuwa wa nyumbani: mama mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa.

Mama mdogo anauza dagaa Kibirizi. Zamani aliimba sauti ya kwanza katika kwaya moja ya Gungu, mpaka homa ya uti wa mgongo ilipomwachia uziwi. Akakaa miaka sita akisoma midomo ya watu. Baadaye alipasuliwa Dar es Salaam, kifaa kidogo kikawekwa ndani ya sikio, na kingine akawa anakivaa kwa nje, kimeshikwa na sumaku chini ya kilemba. Maneno alianza kuyapata taratibu. Lakini muziki je? Hilo ndilo alilotaka kulijua kuliko yote, maana kwaya ilikuwa bado inamngoja.

"Usinipe matumaini ya bure," aliniambia. "Nipime, halafu uniambie kama naweza kurudi kuimba."

Nikampima. Nilitundika blanketi dirishani kwake kuzuia kelele za injini za mitumbwi, nikawasha laptopu, nikaweka na kamera kama chuo kinavyotaka. Zilikuwa nyimbo kumi ambazo kila aliyekulia kanisani anazijua, zimepigwa kinanda bila maneno, kila noti urefu uleule ili mapigo yasimsaidie. Yeye anasikiliza, kisha anachagua kadi yenye jina la wimbo. Alipata kumi kwa kumi.

Vitabu vyote nilivyosoma vilisema wenye vifaa vile hupata taabu sana na tuni. Nikasema basi, vitabu havimjui mama mdogo wangu. Kabla hata sijatuma video kwa mwalimu wangu wa chuo, nilikuwa nimeshampigia simu mwalimu wa kwaya. Kwaya ile ina utaratibu wake: aliyekaa nje muda mrefu husimama mbele ya wenzake akaimba peke yake, ndipo arudishiwe sare. Mama mdogo akapangiwa Jumamosi, naye akawatangazia wanawake wote wa Kibirizi.

Alhamisi mwalimu wangu wa chuo akapiga simu.

"Hiyo video umeitazama vizuri?"

"Nimeitazama, mwalimu."

"Umemtazama yeye. Hebu jitazame wewe."

Nikajitazama. Kila wimbo ulipoanza, midomo yangu ilianza nao. Sauti haikutoka, lakini maneno yalikuwepo yote, beti na kiitikio. Sisi tuliolelewa kwenye kwaya hatuwezi kusikia tuni tukafunga mdomo, na mimi nilikuwa nimekaa ana kwa ana na mwanamke aliyeishi miaka sita kwa midomo ya watu. Niliona aibu nikatamani ardhi ipasuke.

Nikapanda bodaboda hadi Kibirizi. Nilimkuta anageuza dagaa kwenye kichanja. Nikasimama mbele yake ili anione.

"Mama mdogo, juzi ulikuwa unanisoma midomo?"

Akacheka. "Wewe mtoto, si ulikuwa unaimba kabisa! Mimi nikajua ndiyo mtihani wenyewe." Kisha akanitazama usoni na kicheko kikaisha. "Kwa hiyo sijafaulu."

"Sijui. Inabidi turudie."

"Leo hii," akasema, akamwachia jirani yake kazi.

Safari hii nilikaa nyuma yake, mdomo nimeuziba kwa kitenge kama mgonjwa wa meno. Alipata nyimbo mbili kati ya kumi. Ikaja sehemu ya pili, ile ambayo mara ya kwanza niliiruka kwa furaha: mapigo ya ngoma, mawili mawili, aseme kama yanafanana au la. Hakukosa hata moja. Kuna mahali alisema, "Hili la pili limechelewa kidogo mwishoni." Mimi mwenyewe sikuwa nimelisikia, ikabidi nirudishe nyuma nisikilize tena. Kweli lilikuwa limechelewa.

Nikamwambia yote bila kumficha kitu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa pembe ya khanga.

"Basi sauti ya kwanza imekwenda," akasema. "Hayo mapigo umeyaandika?"

"Nimeyaandika."

"Na hizo mbili?"

"Nazo."

"Ziandike hivyo hivyo. Na usinipendelee tena."

Nimewahi kupewa vyeti viwili vitatu maishani, lakini sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia kuandika ile mbili siku ile.

Jumamosi akasimama mbele ya kwaya. "Mwalimu, nimepimwa. Tuni sizipati, kuimba siwezi. Naomba ngoma."

Wanawake wakainamisha macho kwa huruma, na huruma ile ilinikera sana. Mwalimu akampa ngoma, nadhani ili asimwaibishe. Mama mdogo akaipachika mapajani, akaanza, nao wakaimba. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya ubeti wa pili akasimamisha mikono. Wimbo ukakatika.

"Sauti ya kwanza, mmechelewa," akasema. "Na nyie wa besi, mnamfuata nani? Anzeni upya."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa kwaya alinyanyua mkono kuwaanzisha, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyemtazama. Wote, sauti zote nne, walikuwa wanamtazama mama mdogo, wanangoja apige.