Upande wa Kushoto wa Marrakech

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo ikinijia hata kwenye chumba cha kusubiria daktari hucheka peke yangu, na watu husogeza viti. Ni siku niliyotembezwa mji mkongwe wa Marrakech kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, na ndani ya kigari hicho amekaa mama yake Nyota.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, Nyota akiwa bado mchumba wangu. Unajua kwetu Kivu mama mkwe haguswi, hatazamwi usoni, wala huli mbele yake. Mimi niliishika desturi hiyo hapa Brussels kuliko hata wazee waliobaki kijijini. Maman Faida, mama yake Nyota, akipanda basi pale Porte de Namur, mimi nashuka, mvua inyeshe isinyeshe. Alikuwa bado hajasema ndiyo, na bila ndiyo yake hakuna ndoa, kwa hiyo sikutaka kumpa sababu.

Nyota alitaka kununua nguo za harusi Marrakech. Maman akasema binti yake hapandi ndege na mwanamume ambaye hajamuoa, akaja naye. Asubuhi ya matembezi, Nyota akaamka na tumbo la kuhara kwa supu ya konokono aliyokunywa jana yake. "Muende tu," akatuambia kupitia mlango wa choo. "Guide ameshafika, alors muende." Hivyo ndivyo nilivyobaki na mama mkwe.

Kiongozi wetu, Driss, alikuwa mzaliwa wa mji ule na aliupenda kama mtu anavyopenda mapishi ya mama yake. Akamkalisha Maman kwenye kigari, upande wa kulia, akamvika kofia ngumu na miwani mikubwa, akamfunika blanketi miguuni. Mimi akanipandisha kwenye pikipiki, nyuma yake mwenyewe. Kwa kuwa Maman alikuwa kulia, niligeuza shingo kushoto, nikaiacha hukohuko.

"Kulia kwako, Monsieur, msikiti wa kale," akasema Driss.

"Mzuri sana," nikajibu, nikitazama duka la ndoo.

Jumba la masultani nalo likapita kulia, nikalisifu huku nimetazama ukuta. Driss, maskini, akadhani shingo yangu imekakamaa. Akasimama kwa muuza dawa, mzee yule akanisugua kwa mafuta mpaka machozi yakanitoka. Ningejieleza vipi, na mwenyewe amekaa palepale anasikia? Tukaendelea na safari, shingo inang'aa na bado iko kushoto.

Ndani ya kichochoro tukakutana na punda aliyebebeshwa nanaa. Driss akasogea kumpisha, na gurudumu la kigari likazama mtaroni. Kigari kikainama, Maman akakwama humo, magoti juu, blanketi limemzonga. Driss hakuweza kumsaidia, kwani akiiachia pikipiki ingemwangukia. "Monsieur, mpe mama mkono!" Wenye maduka wakatoka kutazama.

Hapo, mwanangu, niliogopa kweli. Nikimgusa, nimeivunja miiko na Nyota nimemkosa. Nisipomgusa, mama yake Nyota ataumia mbele yangu. Nikajiona nina akili. Nikashuka, nikavua skafu, nikashika ncha moja, nyingine nikamrushia huku nimegeuka ukutani kwa adabu zote. Nikasikia imeshikwa. Nikavuta kwa nguvu. Ikawa nzito, nikavuta tena, nikasikia hatua zinanijia mgongoni, nikamshukuru Mungu.

"Bon," ikasema sauti ya Maman kutoka mbali. "Ile unavuta ni punda, papa. Miye niko huku."

Nikageuka. Punda alikuwa ameng'ata skafu yangu, ananitazama kama ndugu. Wenye maduka walikuwa wameshikilia kuta kwa kicheko.

"Heshima yako niliiona tangu Bruxelles," akasema Maman. "Sasa unitazame, na ulete mukono."

Nikampa mkono, nikamtoa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama usoni, na nikaona kwamba anapocheka anafanana na Nyota kabisa. Nilitamani kulia.

Tuliporudi Brussels, ukoo ukakutana mtaa wa Anderlecht kuamua habari yangu. Maman akawasimulia yote, punda naye hakuachwa. Mjomba wake Nyota akauliza kwa ukali, "Donc alikugusa?"

"Alinigusa," akasema Maman. "Kama hangenigusa, ningemukatala."

Sasa sikia, mwanangu. Jumamosi nilikuona kwenye basi la Chaussée d'Ixelles. Mama mkwe wako mtarajiwa amesimama na mifuko miwili ya sombe, majani ya muhogo, nawe umejificha nyuma, umetazama dirisha. Sikuambii uitupe desturi. Usimkosee adabu, usimpandishie sauti, usikae mezani kwake kama kwa rafiki yako. Lakini mzee akikwama, msogelee, umtazame, umshike mkono. Ukigeuza uso pembeni wakati ule, unajilinda mwenyewe tu, na yeye anaona.

Maman Faida magoti yamemchoka sasa, na lifti ya jengo letu huharibika kila mara. Mimi ndiye ninayempandisha ngazi. Tukifika ghorofa ya tatu husimama kupumua, huniuliza, "Leo unavuta muntu ao punda?"

Mungu akubariki katika nyumba utakayoijenga. Akupe mke mwenye subira na mama mkwe anayejua kucheka, na akujalie shingo inayogeuka pande zote mbili. Mimi nusu ya Marrakech siijui mpaka leo.