Bamufukuze

Juzi, kwenye tramu ya kwenda mtaa wa Laeken, niliona kwenye simu ya jirani wa kiti yule kocha wa Ireland aliyefundisha timu ya papa nilipokuwa mtoto, kichwa kimejaa mvi. Papa, baba yangu, alimpenda tangu alipokuwa mchezaji. Mimi nilimchukia, kwa kuwa kila Jumamosi mechi zake zilininyang'anya papa. Nikawa nasali, "Mungu, bamufukuze," yaani wamfukuze kazi.

Alasiri moja televisheni ikatangaza kwamba amefukuzwa. Nyumba ilinukia sombe, majani ya muhogo ya kwetu. "Bametufukuza, mutoto yangu," papa alisema, koti la kazi bado mwilini. Nilidhani ni ile "sisi" ya mashabiki, nikaificha furaha yangu.

"Donc Jumamosi tutaenda ku parc?" niliuliza, nikiwazia bustani ya kuchezea.

"Kila siku," alisema.

Leo najua papa naye aliachishwa kazi siku ileile, na kwamba sala ya mtoto haihusiki. Lakini katika sala zangu sikuwahi kutaja jina.