Niliufuta Mlima wa Babu kwa Tambara

Jamani, mimi ni mshenzi. Nalisema mapema ili msije mkanihurumia.

Natengeneza fremu Kariakoo, upande wa Msimbazi. Kwetu mteja anataka picha ing'ae! Ukimrudishia ina doa anakwambia umemzingua. Kwa hiyo kila picha ikifika, kabla ya kuweka kioo naipitishia tambara lenye spiriti. Mkono umeshazoea, hata sifikirii.

Basi akaja bibi mmoja wa Kiarabu kutoka Upanga. Shikamoo, marahaba, akafungua kanga. Ndani kulikuwa na picha ya karatasi, kioo chake kimevunjika. Mlima, mabonde na kinjia, vyote vimechorwa kwa mkaa na kusuguliwa kwa vidole. Akaniambia mumewe ujanani alikuwa mpishi huko Ulaya, nyumbani kwa mchoraji wa Kizungu, wale wa kisasa wasiochora kitu kama kilivyo. Siku ya kuagana ndiyo akapewa hiyo.

"Sasa kapigwa na kiharusi, hasemi," akasema bibi. "Asubuhi nikimwinua lazima aitazame. Akishaitazama ndo anakunywa uji. Nifanyie haraka, mwanangu."

Nikamwambia ondoa shaka, bibi. Ondoa shaka! Mdomo wangu huu!

Mi ule weusi uliosuguliwa niliuona uchafu tu. Nikadhani masizi ya jikoni yameingia kioo kilipovunjika. Nikapitisha tambara, mlima wote ukaja na tambara! Ikabaki karatasi ya kijivu kama maji ya deki.

Hapo si ningempigia simu nimwambie? Wapi! Nikaokota kipande cha mkaa kwa mama lishe wa jirani, nikachora mlima wangu mwenyewe. Nikauchongoa, nikaweka na jua juu, eti nimeboresha. Nikapiga kioo, nikaipeleka Upanga kwa mikono yangu.

Macho ya bibi hayaoni vizuri. Akasema, "Mashallah, imetakata!" Akanikatia halua, akanimiminia kahawa. Nikala. Nikaomba na kipande cha pili!

Babu alikuwa kitandani. Akaitazama picha. Akanitazama mimi, akakaza macho mpaka nikainama kama natafuta viatu. Kisha akageukia ukutani.

Baada ya siku chache bibi akanipigia analia. Babu haitaki picha, hanywi uji, akioneshwa anafumba macho. "Akili imemtoka, mwanangu. Hata mlima wake haujui tena."

Yule mzee ana akili kutuzidi wote! Ni yeye tu aliyejua nilichofanya, na hawezi kusema. Mwenye mdomo ni mimi. Mnajua nilimjibu nini bibi? "Pole, bibi, ndo uzee huo." Nilisema hivyo! Ptuu!

Juzi nikajikaza nikaenda kumweleza ukweli. Nikamkuta babu kashikwa mikono na bibi, mwanawe mkubwa kambana pua ili afungue mdomo, kijiko kinasukumwa ndani. Uji unamtiririka mpaka kifuani. "Tumvumilie tu, mama, huyu hajui kitu tena," akasema mwanawe, na mzee mwenyewe anasikia kila neno.

Bibi akaniona mlangoni. "Karibu, mwanangu. Kuna nini?"

Nyie mafundi wenzangu, wa simu, wa saa, wa cherehani, na yeyote anayeachiwa kitu cha mtu: ukikiharibu, sema palepale. Acha akutukane, acha akukunje shati mbele ya Kariakoo nzima, yataisha. Usijiambie utasema kesho. Kila siku unayonyamaza kuna mtu anaibeba adhabu yako, na wewe unaizoea. Mimi naijua hiyo, maana bibi aliponiuliza kuna nini, na babu ananitazama na uji kidevuni, nilisema nilikuwa napita tu kuwasalimia.