Dada Akinisomea Kijapani

Wiki hii nimesoma tafsiri ya kitabu cha katuni ambacho dada yangu alikuwa akinisomea utotoni. Nilipokifungua, karatasi zilinukia wino na vumbi vilevile kama zamani, nikajiona nimekaa tena jamvini, uani kwetu Mtambile.

Kitabu chenyewe cha asili alikileta shangazi kutoka Arabuni. Kilikuwa cha Kijapani, nasi hatukujua hata herufi moja. Dada alitazama picha na kutunga maneno, huku vidole vyake vikichambua karafuu. Palikuwa na msichana wa skuli mwenye fimbo. Akiizungusha, nguo zake zilijaa nuru na mashetani wakatimua mbio. Kinywani mwa dada msichana yule alisema Kipemba, na aliwaamkia shikamoo hata mashetani wakubwa kabla ya kuwapiga.

Tulifika ukurasa wa mwisho alasiri moja. Dada alikuwa ameshaachishwa skuli, na kesho yake alikuwa anaolewa Tumbe.

"Karejesha fimbo, kenda zake kwao," alisema.

"Kwa nini?"

"Keshakuwa mkubwa."

Niliinamia picha. "Dada, mbona bado kaishika?"

Mama alimwita ndani akapakwe hina. Dada aliniwekea kitabu mapajani, akajipangusa vidole kwenye kanga, akaingia.

Katika tafsiri, malkia aliyempa msichana fimbo anamwamuru airejeshe kwa kuwa sasa ni mtu mzima. Msichana anakataa, na hadithi inaishia hapo.